Vicoba yetu ina milioni tatu, tujenge zahanati?

Shikamoo shangazi. Mi nakaa Vingunguti, tuna kikundi cha vicoba wanawake 22, tumeweka weka mpaka tumefika milioni 3 na laki 4. Juzi kati mwenzetu alianguka jikoni, kumbe presha, ikabidi tuchangishane usiku kwa simu ndo akafika hospitali. Sasa wengine wanasema hela ijenge zahanati ya mtaa, wengine wanataka tulime mchicha bondeni Msimbazi tuuze bei poa, maana huku chipsi ziko kila kona ila mboga ya maana mpaka upande gari. Tumegawanyika kabisa. – Mama D.

Marahaba mwanangu, poleni sana. Zahanati futeni. Najua inauma maana jengo linaonekana na watu watapiga nalo picha, ila hiyo hela haifiki hata kwenye renta, na tuseme mmeezeka, nesi atalipwa na nani mwezi wa kwanza, wa pili, wa kumi? Yako maboma ya nguvu za wananchi kibao nchi hii, kuta zimesimama mbuzi wanalala ndani. Kama mtaa unaitaka kweli, lipelekeni suala hilo kwenye mkutano wa mtaa, liende kata, liingie bajeti ya halmashauri, maana waganga na dawa wanaleta wao.

Kilichowatesa usiku ule si umbali wa hospitali, ni hela ya ghafla. Hapo ndo pa kuanzia. Bima ya afya ya jamii, ile CHF, kwa hapa Dar imekuwa laki na nusu kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Ukiitaja hivyo kila mtu anaguna, lakini si mnakutana kila wiki? Kila mmoja aweke elfu 3 pembeni, mbali na hisa, wiki 50 imetimia. Msichukue akiba yote mkawalipia wote kwa mpigo, wanawake 22 ni milioni 3 na laki 3, mtabaki na laki moja na kikundi kimekufa. Anzeni na wale wenye presha na sukari, mfuko uwakopeshe, warudishe kidogo kidogo.

Mchicha wa bondeni hapana jamani. Ule mto unabeba maji taka na uchafu wa viwandani, na watafiti wameshapima mboga za kule wakakuta madini kama risasi, ambayo yakishaingia ndani ya jani hata uoshe na chumvi mara tatu hayatoki. Mtakuwa mnauziana ugonjwa kwa bei poa.

Fungueni genge. Laki 4 inatosha kuanza: meza, turubai, mtaji wa siku chache. Wawili kwa zamu waamke alfajiri waende soko la Buguruni, tenga la nyanya, karoti, bamia, maharage ya kupima kwa sado, guta moja linabeba vyote. Mafungu ya mchicha msifunge mengi, yakibaki saa kumi jioni yameshalala, hapo ndo genge nyingi zinafia. Halafu matembele kila mtu apande kwake kwenye gunia: chukua kopo lililokatwa kitako chote, lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani, udongo na samadi pembeni, vuta kopo juu, jaza tena mpaka gunia lijae. Maji unamwaga kwenye kokoto yanasambaa yenyewe, toboa matundu ubavuni chomeka vipande vya matembele. Uani pa hatua mbili panatosha.

Genge likisimama muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha vikundi bila riba, 4 ni ya wanawake. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ila ni mkopo, si zawadi, wapo waliogawana wakanunulia vitenge.

Shangazi, mama yangu ana miaka 67, hana kipato, kila tukienda hospitali ya serikali tunaambiwa tulipie kumuona daktari. Ni haki? – Tabata

Kwa sera ya afya ya 2007 mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Shida iko kwenye hilo neno asiyejiweza, lazima atambuliwe, mdomo peke yake hautoshi. Nenda kwa mtendaji wa mtaa na kitambulisho chake, mpate barua, kisha hospitali msianzie dirisha la malipo, ulizeni ustawi wa jamii wako chumba gani. Nendeni asubuhi, mchana mara nyingi mlango unakuta umefungwa.