Re: Niiuze Blues Junior nichukue Hot Rod Deluxe?

Ndugu, kwa kuwa Jumapili unapiga kanisani na Ijumaa uko na bendi ya dansi, mimi ningeiuza hiyo Blues Junior, ampu yako ya gitaa, nichukue ampu kubwa zaidi ya Hot Rod Deluxe. Ila si kwa ajili ya wati. Kutoka wati 15 za yako hadi 40 za Hot Rod sikio linasikia tofauti ndogo kuliko namba zinavyotamba. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu.

Unachonunua hasa ni sauti safi isiyopasuka mapema. Yako ina valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) mbili za EL84, na mpiga drums akichachamaa ukapandisha volyumu, inaanza kukwaruza. Kwa solo ya bluzi, raha tupu. Kwa rithimu ya dansi, ambapo kila noti lazima isikike peke yake, ni balaa. Hot Rod ina valvu mbili za 6L6, inabaki safi hadi mbali, tena ina matundu ya kuchomeka dilei (kifaa cha mwangwi) baada ya priampu, yaani hatua ya kwanza ya kukuza sauti. Yako hiyo haina. Chaneli yake ya ukali, ile ya sauti ya kukwaruza, kwa kweli hainivutii. Kwa sauti hiyo tumia pedali yako ya mguu uliyoizoea.

Ni nzito, kama una ngazi za kupanda jiandae.

Ukipata ya mtumba kutoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kwanza. Ikiwa ni 120V usithubutu kuichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, angalau wati 300, na gharama yake uikate kwenye bei mnapopatana.