Jibu: Baybars ni jina la Kiarabu?

Hapana mkuu, hilo jina unalotaka kumpa mwanao si la Kiarabu, ingawa wengi tumelijulia kwenye historia ya Misri. Ni la Kituruki: "bay" ni bwana au tajiri, "bars" ni chui. Sultani Baybars, aliyetawala Misri na Sham (Syria na maeneo jirani) 1260 hadi 1277, alikuwa Mkipchak, yaani mtu wa jamii ya Kituruki ya nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, akauzwa utumwani angali kijana. Na jina alilitumia haswa! Kwenye daraja lake la mwaka 1273 karibu na mji wa Lod, Israel ya leo, wamechongwa wanyama wawili jamii ya simba na chui, kila mmoja na kipanya miguuni. Wakazakh hadi leo huwaita watoto Beibarys. Kwetu andika Baibars tu, usiwasumbue walimu.