Vikundi vya kuacha pombe Mwanza: navipata wapi, na nikifika nafanyaje?

SWALI: Habari za kazi, dada muuguzi. Mimi ni mvuvi wa dagaa huku Igombe, nina miaka 38. Nakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue. Nimesikia kuna vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kwa Mwanza navipata wapi? Wataniuliza nini? Naogopa kujulikana mwaloni, na tena mimi ni Mwislamu, nisije nikaingizwa kwenye dini nyingine.

JIBU: Nzuri, kaka yangu. Kabla ya kikundi tuanze na hiyo mikono, maana ndiyo imenishtua.

Kutetemeka kunakotulia ukizimua kunaonyesha mwili umeshaanza kuitegemea pombe. Mtu wa hali hiyo akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, na kati ya siku ya 2 na ya 4 akachanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Watu hufa kwa hilo. Kwa hiyo usijifungie ndani ukaacha peke yako, na usiingie ziwani siku hizo, kwa sababu ukipatwa na degedege kwenye boti usiku hakuna wa kukuwahi. Nenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, useme ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Zipo dawa za kutuliza zinazotolewa kwa siku chache huku zikipunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Usizinunue mwenyewe duka la dawa. Ukipata degedege au ukianza kuweweseka, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kliniki hiyo hiyo ndiyo mahali pa kuulizia kikundi. Muulize muuguzi, muulize na afisa ustawi wa jamii, kwa sababu watu waliokwisha kuacha hupita mikononi mwao kila wiki. Nyumba za upataji nafuu (sober house) nazo uzipigie, nyingi hufuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, yaani AA, umoja wa vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Ukipewa mahali na saa, piga simu kuhakikisha kabla ya kupanda daladala. Vikundi huhama ukumbi. Na kwa hofu yako ya mwaloni, chagua kikundi cha mjini hata kama kuna kingine karibu.

Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa wahusika tu. Wa wazi unaweza kwenda na mkeo au ndugu. Wa wahusika ni wa wenye tatizo la pombe peke yao, na sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha. Hakuna ada wala kitambulisho. Jina unataja la kwanza tu. Kinachosemwa mle hakitoki nje.

Mkutano wenyewe huchukua kama saa moja au moja na nusu. Mmoja anafungua, kunasomwa kifupi, halafu watu wanaongea kwa zamu, kila mtu habari zake mwenyewe. Hakuna anayemjibu mwenzake wala kumhukumu. Zamu yako ikifika unaweza kusema, "Leo nimekuja kusikiliza," na wataendelea na mwingine. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Kuhusu dini, hatua zao zinamtaja Mungu "kama tunavyomwelewa", na Waislamu wanahudhuria bila kuacha swala zao. Ukiona wanakusukuma kubadili imani, hao wameitoka AA, tafuta wengine.

Ukikosa kilicho karibu, mikutano ya mtandaoni ipo usiku na mchana. Unazima kamera, unaandika herufi moja ya jina. Mingi ni ya Kiingereza. AA ina mikutano mingi Nairobi, na saa zao ni sawa na zetu. Angalia saa vizuri: mkutano ulioandikwa 18:00 ya London kwetu ni saa 2 usiku majira yao ya joto, na saa 3 usiku majira ya baridi.

Na wawili mnatosha. AA yenyewe ilianza mwaka 1935 kule Akron, Marekani, pale walevi wawili walipogundua kuwa kuongea wao kwa wao kunawazuia kunywa. Kama kuna mwenzako mwaloni anayetaka kuacha kwa dhati, pangeni siku na saa, mkae.

Kwa mvuvi wa dagaa, nakusihi uihesabu kalenda ya mwezi. Kipindi cha giza una kazi usiku kucha. Hatari yako ni mbalamwezi: boti zimepumzika, mgao umetoka, na vijana wote wako kwenye vibanda vya pombe tangu asubuhi. Siku hizo ndizo za kuhudhuria mikutano mfululizo, kila siku ikiwezekana. Mwombe tajiri wa boti atume mgao wako kwenye simu ya mkeo, kama mnaelewana hivyo. Na katika mkutano wa kwanza kabisa usiondoke bila namba za simu za watu wawili. Wapigie kabla ya mgao, ukiwa bado hujanywa.