Ganda fupi la marehemu babu

SWALI: Shikamoo mzee. Sandukuni mwa marehemu babu nimekuta ganda tupu la risasi, limeandikwa 458 WIN MAG. Mbona fupi, na babu alisema ni la ndovu?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Lipapase kitakoni, utagusa mshipi uliotuna. Winchester, kiwanda cha bunduki cha Marekani, walilitoa 1956: ganda la risasi ya Kiingereza, .375 H&H, milimita 72, likafupishwa hadi 63 na nusu ili liingie bunduki ya kawaida, ya bei nafuu. Lakini risasi yenyewe nzito, gramu 32, nafasi ya baruti ikawa finyu! Baruti ikashindiliwa humo hadi ikagandamana, risasi nyingine zikatoka bila nguvu. Mbele ya nyati, hayo ni mauti. Nimebeba bunduki za wageni kule Galana hadi marufuku ya uwindaji Kenya ya 1977. Risasi zilizokaa sana nilizitenga, sikumpa mtu azipakie.