Chenga Hazitokei Bure

SWALI: Shikamoo mzee. Tuko vijana wanne hapa Maweni, twataka kutengeneza filamu ya kisayansi ya dakika 20. Mambo yatokea mwaka 1988, kwenye duka la kukodisha kanda za video. Kijana wa dukani arudishiwa kanda isiyo yake, akiitia kwenye deki aona yatakayotokea kesho. Tuna shilingi 40,000, simu mbili, na programu ya kutia michirizi ya kanda juu ya picha. Yatosha? Na roketi tutaipata wapi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, wanangu. Roketi waulizeni babu zenu. Tangu 1967 hadi 1988 Waitaliano walirusha setilaiti pale Ngomeni, karibu na Malindi, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini kwa miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, iliruka moja iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kupima eksirei zitokazo kwenye nyota. Ya mwisho iliondoka Machi 1988, mwaka wenu huo huo, nanyi mwaniuliza mimi roketi! Wala msiionyeshe. Watoeni watu watano dukani, wainue nyuso juu, vikombe mkononi. Gharama yake ni kahawa.

Mkihitaji na kiumbe cha angani, katika Dark Star, picha ya Kimarekani ya 1974, kiumbe ni mpira wa ufukweni uliotiwa miguu. Watu waitazama mpaka leo.

Kinachonikera ni hiyo programu. Nilikodisha kanda miaka tisa, na hizi video za “zamani” za kwenye simu zimemwagiwa michirizi kama mvua ya masika. Chenga, yale madoadoa na michirizi ya picha, zina sababu. Ndani ya deki mna ngoma ndogo yenye vichwa vya kusomea mkanda. Kwa PAL, mfumo wetu wa picha za televisheni, yazunguka mara 25 kwa sekunde, ikiusoma mkanda kwa mshazari. Kichwa kikichafuka, picha nzima yajaa chenga. Mkanda ukikunjika ukingoni, fujo hukaa juu au chini ya picha. Nakala ya nakala, wekundu wavuja nje ya midomo ya mwanamke. Kanda ya mtalii wa Marekani, ya NTSC, mfumo wa kwao, kwenye deki yangu ilitoa picha isiyo na rangi, yarukaruka. Halafu unyevu wa pwani huotesha ukungu mweupe. Nilikuwa nikiacha balbu inawaka usiku kucha ndani ya kabati la kanda, mke wangu akinung’unika kwamba kanda zalala na taa na watoto walala gizani.

Deki ya kweli itafuteni kwenye stoo za mashangazi, maana Funai wa Japani, kiwanda cha mwisho kuzitengeneza, kiliacha 2016. Kabla ya kutia kanda, inua kifuniko chake umulike tochi. Ukiona unga mweupe, usiitie, itakuchafulia vichwa. Pesa nyingi zitie kwenye kipaza sauti.

Sasa chenga nilizozipenda. Mteja akirudiarudia mahali pamoja, na zaidi akisimamisha picha, vichwa vyasugua mkanda pale pale mpaka wachakaa. Picha ya Kihindi ikirudi, nilijua nyumba ile imeupenda wimbo gani. Alikuwako bwana mmoja, mtaa wake siutaji, kila kanda aliyokodi ilirudi imechakaa pale stelingi anapomzika mamake. Sikumuuliza kitu. Nilimpunguzia bei.

Basi hiyo kanda yenu ya kesho iwe safi mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa sekunde kumi hivi. Hapo ndipo chenga zije. Kijana wenu kazi yake ni kanda, atafahamu kabla ya mtazamaji: kuna mtu ameshaitazama kesho hii mara nyingi sana, na kila mara amesimama hapo hapo. Wala isirudi dukani imerudishwa mwanzo. Mimi kosa hilo la kutoirudisha mwanzo nilitoza shilingi mbili, na mkosaji niliandika jina. Kijana naye afungue daftari, atafute wa kumdai.