Alamu ya nyumba haifiki kituoni baada ya kuhamia faiba (Marekani)

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: nyumba ina alamu ya zamani ya waya, umeacha simu ya mezani ya nyaya za shaba ukachukua faiba yenye simu yake, na sasa kipedi (kibao cha vitufe cha alamu) kinaonyesha hitilafu ya mawasiliano ingawa king'ora kinalia vizuri ukikijaribu. Usilale na hali hiyo. King'ora kinasikika mtaani tu. Kituo cha ufuatiliaji, yaani kampuni inayopokea taarifa za alamu yako, hakipati kitu, na kama vihisi vya moshi vimeungwa kwenye paneli hiyohiyo (kisanduku kikuu cha alamu), hakuna atakayewaita zimamoto ukiwa haupo. Alamu nyingi za Nairobi au Dar hutumia redio ya kampuni ya ulinzi au laini ya SIM, kwa hiyo wengi tukihamia huku jambo hili hatulijui kabisa.

Paneli kama Honeywell Vista-20P au DSC PC1832 hupiga simu kama mtu. Kituo kinapokea kwa milio miwili, 1400 Hz kisha 2300 Hz. Paneli ikiisikia inatuma tarakimu 16 kwa sauti za vitufe, mfumo unaoitwa Contact ID: akaunti yako, aina ya tukio, kanda (sehemu ya nyumba iliyoguswa), na tarakimu ya uhakiki mwishoni. Kituo kikizipokea salama kinajibu kwa mlio mwingine wa 1400 Hz. Milio hiyo ya mwanzo ni mifupi, sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Simu ya intaneti huikata sauti vipandevipande, na ikibanwa kwa kodeki (njia ya kufupisha sauti kidijitali) kama G.729, iliyoundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, milio inaharibika. Ndiyo maana wewe unaongea bila tatizo huku alamu ikishindwa. Muulize mtoa huduma kama laini yako inatumia G.711, ambayo haibani sauti kwa kiasi hicho.

Lakini kabla ya kodeki, kagua waya, kwa sababu kosa mara nyingi liko hapo. Karibu na paneli kuna soketi ya pini nane iitwayo RJ31X. Laini ya nje inaingia pini 4 na 5, inapita ndani ya paneli, kisha inarudi kwenye simu za nyumba kupitia pini 1 na 8. Imepangwa hivyo makusudi: paneli ikitaka kupiga inazikata simu zote za ndani na kuishika laini peke yake. Sasa mafundi wengi wa faiba huchukua waya kutoka kisanduku kipya cha faiba na kuuchomeka kwenye soketi yoyote ya ukutani. Simu zinalia, kila mtu anafurahi. Ila laini sasa inaingilia upande wa pini 1 na 8, hivyo paneli ikizikata simu za nyumba inajikatia na laini yake yenyewe. Haipati mlio wa laini, inajaribu mara kadhaa, inaandika hitilafu.

Dawa yake ni hii. Nenda kwenye kisanduku cha kijivu cha simu kilicho nje ya nyumba, chomoa plagi ndogo iliyo ndani ili nyaya za nyumba zitengane na za mtaani. Usiruke hatua hii: laini ya shaba iliyo hai ina takriban volti 48, na ikikutana na umeme wa tundu la simu la kisanduku kipya inaweza kuliunguza. Kisha vuta waya kutoka tundu hilo hadi nyaya zinazoingia pini 4 na 5. Pima kwa mita kwenye skrubu za TIP na RING za paneli, yaani pale nyaya mbili za laini ya simu zinapoungwa. Ukipata sifuri, waya haujafika. Simu za intaneti wakati mwingine hutoa volti pungufu kuliko shaba, na paneli zinazochunga laini zinaweza kulalamika kwa hilo tu.

Waya ukiwa sawa, angalia namba inayopigwa. Paneli zilizofungwa zamani zilipangiwa tarakimu saba. Tangu Oktoba 2021 maeneo mengi ya Marekani yanadai kumi. Weka 1 na tarakimu kumi zote. Tatizo jingine ni *70, ile ya kuzima simu ya kusubiri: laini nyingi za intaneti haziitambui, na simu inafia hapo. Kwenye Vista-20P unaingia sehemu ya kupangilia kwa namba ya siri ya fundi ikifuatiwa na 800. *40 ndiyo sehemu ya *70, *41 ni namba ya kituo, *43 ni akaunti. Toka kwa *99. Ukitoka kwa *98, namba ya fundi haitakuingiza tena; itabidi uzime umeme na betri, uwashe, ubonyeze * na # kwa pamoja ndani ya sekunde 50.

Kuhusu umeme: shaba ilipata umeme wake kutoka kwa kampuni ya simu, faiba inategemea wa nyumbani. Betri ya paneli haikisaidii kisanduku cha faiba. Weka UPS (betri ya akiba) kwa kisanduku hicho, na kwa ruta pia kama simu inapitia humo. Betri ya volti 12 na Ah 7 ni Wh 84. Vifaa vikila wati 20, ukitoa upotevu unapata kama saa tatu.

Maoni yangu ni kwamba hata ukifanikisha haya yote, laini ya simu ya intaneti si njia ya kuitegemea kwa moto. Nunua kisambazaji cha LTE (kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu za mkononi), ikiwezekana chenye njia mbili, intaneti na mtandao wa simu. Baadhi huungwa kwenye TIP na RING na kuigiza laini ya simu, hivyo paneli ya zamani inabaki. Kwanza uliza kituo chako kinapokea vya aina gani, na jumlisha mahitaji ya umeme ya kifaa kabla ya kukiunga kwenye AUX ya paneli, pale inapotoa umeme kwa vifaa vingine. Epuka vya bei rahisi vya 3G vilivyotumika: AT&T walizima 3G Februari 2022, Verizon mwisho wa mwaka huohuo.

Kama alamu ni ya waifai, kazi ni ndogo: ipe ruta mpya jina na nywila zilezile, na hakikisha 2.4 GHz imewashwa.

Mwisho, jaribio. Pigia kituo, taja neno lako la siri, waombe waweke akaunti kwenye majaribio. Fungua mlango mmoja alamu ikiwa imewashwa, jaribu kihisi cha moshi, halafu wakusomee walichopokea: akaunti, kanda na aina ya tukio. Paneli ikiwa inapiga, inua simu ya ndani. Inapaswa kuwa kimya kabisa. Rudia ukiwa umezima umeme wa nyumba. Waambie waitoe akaunti kwenye majaribio, kisha washa ripoti ya majaribio ya kila siku, ambayo kwenye Contact ID ni tukio 602. Kwa wanaosoma hapa na bado hawajahama: fanyeni jaribio hili kabla ya kuhamisha namba, kwa kuwa namba ikishahama laini ya zamani hufungwa.