Barua kwa mwanangu: nguzo mbili zilizojificha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha zako zimefika pia, ingawa simu yangu hii ilizifungua kwa kusitasita kama mzee anayefungua mlango usiku. Nimefurahi umekwenda kukitazama kile kichwa cha fahali hapo Chicago. Jiwe lililotoka Takht-e Jamshid, yale magofu ya Uajemi ambayo Wazungu huyaita Persepolis, likafika huko kabla yangu! Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na moja na sijavuka hata Bahari ya Oman.

Swali lako ni la mstari mmoja: ile picha ya magofu ya Uajemi iliyokuwa ukumbini kwa Babu, nani aliipiga, na mwaka gani? Unataka kuitafuta, uichapishe, uje uitundike. Nitakujibu. Ila kwanza nikwambie kwa nini ilishuka ukutani. Hilo hukuliuliza, na nadhani ni kwa sababu wewe umeukuta msumari mtupu, ukawa unatundika hapo mkoba wako wa chuoni.

Babu yako alikuwa karani wa boriti Bandari ya Zamani hapa Mombasa, hayo unayajua. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakashusha tende na mazulia, yakangoja kusi yarudi na boriti za Lamu. Kazi ya Babu ilikuwa kuzihesabu kwa korija, ishirini ishirini, kalamu sikioni. Nahodha mmoja wa Kiajemi, ambaye Babu alimtetea siku hesabu ya boriti zake ilipogombaniwa, ndiye aliyempa ile karatasi. Ilikuwa imechanwa kitabuni, ukingo wa kushoto una meno meno. Babu akaitia fremu ya mkangazi iliyogharimu kuliko kabati letu, na Bibi hakumsamehe.

Mimi nilijifunza kuhesabu pale. Alinibeba begani, nikazigusa nguzo juu ya kioo kwa kidole: moja, mbili, tatu... kumi na moja. "Rudia," anasema. Narudia, kumi na moja. "Kumi na tatu," anasema. "Mbili zimejificha nyuma ya wenzao. Mwenye picha angesogea hatua tatu kulia ungeziona." Nililia siku hiyo. Nilidhani ananionea.

Kwa hiyo ukisikia ule msemo wangu ambao wewe na dada yako mmeuchoka, kwamba picha haikuambii palikuwa na nini, inakuambia mtu alisimama wapi, ujue haukutoka chuo kikuu. Niliusema darasani miaka yote kana kwamba ni wangu.

Sasa, ile Idi ya mwaka 1983. Nimemaliza chuo, nina cheti, nina miwani mipya. Ukumbi umejaa wageni, kahawa inazunguka, kashata zimekwisha zimeletwa nyingine. Babu akanyosha mkono ukutani, kama kila Idi, akamwambia mgeni mmoja kutoka Vanga: "Pale ndipo kwetu. Sisi ni Washirazi, na ile ndiyo nyumba ya wafalme wa Shirazi."

Nikasema, "Baba, si kweli."

Nilisema taratibu, kwa adabu zote, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu nilisema yote. Kwamba mji ule ulianzishwa na mfalme Dario wa Kwanza kiasi cha mwaka 518 KK, na Iskandari wa Makedonia akauteketeza mwaka 330 KK. Kwamba hiyo ni miaka elfu na zaidi kabla ya jahazi lolote tunalosimuliwa la Ali bin Hassan, yule wa Shirazi, na ndugu zake kushuka Kilwa. Kwamba Shiraz yenyewe iko mbali na magofu yale, kama kilomita 60. Nikamalizia na lile lililokuwa likifundishwa wakati ule: huo Ushirazi wetu ni nasaba ya kujipa, watu wa pwani walitafuta babu mwenye heshima ng'ambo, wakamwona babu wa hapa hatoshi.

Hakuna aliyejibu. Yule mgeni wa Vanga alikitazama kikombe chake mpaka ndani. Babu akasema, "Sawa, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya siku hiyo. Asubuhi niliamka nikakuta mraba mweupe ukutani, mweupe kabisa katikati ya chokaa iliyogeuka rangi ya chai, na msumari wake. Hakusema neno. Wiki ileile akanitafutia kitambaa cha gauni la kwendea kazini. Ungekuwa ugomvi ningejua pa kuukamata.

Nilikuwa sahihi. Nakwambia hivyo mpaka leo, na tarehe zile zote zilikuwa sahihi, unaweza kuzihakiki. Halafu ukaja ule mwaka 2023, wewe mwenyewe ukanitumia habari ya utafiti wa mifupa ya makaburi ya zamani, Mtwapa, Manda, Kilwa: upande wa mama karibu wote ni Waafrika, na upande wa baba wengi asili yao Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Ulituma na kijisura cha kucheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka adhana ya alasiri. Maana nusu ya maneno niliyomwaga mbele ya wageni wake ilikuwa hewa. Ni nusu tu, lakini. Kuwa na damu ya Uajemi hakukufanyi mjukuu wa Dario, na mifupa ile haijataja Takht-e Jamshid. Kwa hiyo bado nilikuwa sahihi. Ila aliyekuwa akisikilizwa na wageni alikuwa yeye, na aliyekuwa akitaka kusikilizwa ni mimi.

Haya, picha yako.

Anza kwa kuondoa michoro. Zile ulizotuma tatu za mwanzo ni michoro: mmoja wa Cornelis de Bruijn, yule Mholanzi aliyekuwa pale mwaka 1704 na 1705, na miwili ya Flandin na Coste, Wafaransa wa 1840 na 1841. Mizuri sana, mistari imenyooka kuliko mawe yenyewe. Namheshimu zaidi Carsten Niebuhr, wa msafara wa Denmark, aliyepita Maskati akafika pale Machi 1765 na kunakili maandishi ya kale yenye umbo la misumari herufi kwa herufi ilhali hajui yanasema nini. Msafara wao ulikuwa na watu sita, akarudi nyumbani peke yake. Nakala zake ndizo alizoanza kuzifumbua Grotefend, Mjerumani, mwaka 1802. Mtu anayenakili asichokielewa bila kukipamba, huyo ningempa shule nzima.

Ya Babu haikuwa mchoro. Ilikuwa na mtu amekaa kwenye tako la nguzo, kushoto, kavaa kofia ndefu nyeusi, na mguu wake mmoja ulikuwa ukungu. Aliutikisa wakati wa kupigwa. Hakuna mchoraji anayechora mguu ukungu. Babu alikuwa akisema yule ni babu yake anamngoja, amechoka, ndiyo maana anatikisa mguu. Kwa hiyo ni picha, na picha za mahali pale hazianzi kabla ya miaka ya 1850: ofisa Mtaliano, Luigi Pesce, alizipiga mwaka 1858 akiwa katika jeshi la Shah.

Mwisho wake nao tunaujua. Mbele ya nguzo, upande wa kulia, palikuwa na lundo la udongo tupu na mbuzi wawili juu yake. Chini ya udongo ule ilikuwa ngazi ya mashariki ya Apadana, ule ukumbi mkubwa wa nguzo zetu, ambayo mchimba magofu Herzfeld aliifukua mwaka 1932, kwa niaba ya taasisi ya hapo Chicago kwako. Ukiona picha yenye ngazi ile, pita. Si yetu.

Kuhesabu nguzo hakutakusaidia sana. Zilikuwa 72, yaani korija tatu na kumi na mbili, kama alivyokuwa akitamka Babu kwa raha. Wasafiri walizihesabu zikipungua: Pietro della Valle 25 mwaka 1621, Niebuhr 17, na tangu karne ya 19 zikabaki 13. Kipindi chote cha picha ni zilezile kumi na tatu, na kila mpiga picha huficha anazozificha.

Kati ya 1858 na 1932, basi. Ukinibana ukutani ningesema Stolze, Mjerumani, aliyepiga miaka ya 1870 na kuchapisha Berlin mwaka 1882, kwa kuwa karatasi ilikuwa ya kitabu, nzito, kubwa. Lakini usinibane. Nimeshatoa hukumu moja juu ya picha hii na ilitosha. (Ingawa nadhani ni Stolze.)

Lile lango la magofu ulilouliza kwa pembeni, lenye majina ya wasafiri, ndiyo, hilo "Stanley" ni yuleyule. Alichonga jina lake na la gazeti lake pale mwaka 1870, na mwanzoni mwa 1871 akashuka Unguja kumtafuta Livingstone. De Bruijn naye alichonga lake. Wanangu wa darasani ningewachapa.

Nikwambie na la pili, uone sikuishia pale kwenye Idi. Mwaka 1996 niliazima kitabu maktaba, nikampelekea Babu kibarazani. Nikamfungulia ile ngazi ya mashariki: mataifa 23 yamepangwa kwa safu, kila moja na zawadi yake kwa mfalme. Nikamwonyesha la mwisho. Watu watatu, nywele za kipilipili, mmoja kabeba pembe ya ndovu begani, na mnyama anavutwa kwa kamba.

Babu akavaa miwani. Akaweka dole gumba juu ya mnyama. "Twiga?"

"Wengine wanasema twiga. Wengine wanasema okapi, wa msitu wa Kongo."

"Mfupi kwa twiga." Akalitazama lile pembe muda mrefu, jicho la karani. Kisha akacheka, kile kicheko cha kikohozi. "Basi wewe na mimi tulikuwa tunagombania njia. Kumbe kabla wao hawajaja kwetu, sisi tulishakwenda kwao. Na mzigo juu."

Mwanangu, wale ni Wakushi, watu wa Nubia, kusini ya Misri. Si watu wa Mombasa. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Nikaiendea birika nikammiminia kahawa.

Lakini picha hakuirudisha, na mimi sikumwomba. Alipofariki tulipekua sanduku lake, kabati, hata chini ya godoro: fremu ya mkangazi tuliipata, ndani yake risiti za boriti. Karatasi haikuwemo. Mjomba wako anadhani aliirudishia jahazi fulani. Mimi sidhani, majahazi yale yalikuwa yameshaacha kuja.

Tafuta mtu mwenye mguu ukungu, kushoto, na mbuzi wawili kulia. Hesabu nguzo: zikionekana zote kumi na tatu, si yenyewe. Ukiipata usiisafishe kwa hizo programu zenu, usimtengeneze mguu. Fremu ninayo, nimeipaka mafuta ya nazi juzi. Kioo tu ndicho kina ufa.

Mama yako